Usisahau Kulowesha Taulo

Mvua ya Eldoret ikishaanza mchana haina haraka ya kuondoka. Jumapili ile ilitukuta nyumbani kwa dada yangu, Kapsoya. Stima zilipotea kabla chai haijamiminwa, runinga ikazima, na sebule ya watu wazima wanne ikabaki na mlio wa mabati tu. Baadaye mvua ikapungua, na hapo ndipo tulipoisikia sauti ya mpwa wangu wa miaka tisa ikitoka verandani. Alikuwa anafundisha. Mwanafunzi alikuwa mmoja, binamu yake wa miaka mitano, ambaye Januari ataingia gredi ya kwanza.

"Kuoga," alikuwa anasema, "wengi wanashikwa kwa sababu ya taulo. Wanalowesha nywele, wanalowesha miguu, wanatoka. Mama anashika taulo, kavu. Umekwisha. Wewe usisahau kulowesha taulo. Na sabuni pia. Sabuni kavu ni shahidi."

Kisha akaendelea, polepole, kama mtu anayejua kwamba mwanafunzi wake bado hajui kuandika na lazima ashike kwa kichwa. Ukivunja kikombe, usifiche vipande, ficha vikombe vyote: kikipotea kimoja wanauliza ni nani, vikipotea vyote wanaulizana wao kwa wao. Ukitumwa dukani, rudi ukiwa umefika nusu ya njia uulize kama ni chumvi au sukari, hata kama unakumbuka. Ukifanya hivyo mara tatu watamtuma mwingine. Uji usioutaka mpe kuku, mbwa usimpe, kwa sababu mbwa akishaonja atakaa kando ya kiti chako kila asubuhi na watu wataanza kujiuliza. Ukichelewa kwenye mchezo wa kati mpaka giza likaingia, funga fundo kwenye nyasi za njiani kabla hujafika nyumbani. Ukilifunga vizuri, mama husahau kukuuliza ulikuwa wapi. Lakini usilifunge huku unaongea, halitashika.

Hilo la nyasi nililijua. Tulilifunga sisi pia, Langas, katika miaka ya themanini. Sikumfundisha mimi, na mama yake aliapa kwamba hakumfundisha. Mafundisho ya namna hii hupita kutoka mtoto hadi mtoto, chini ya kimo cha meza, miaka na miaka, bila mkono wa mtu mzima kuyagusa.

Dada yangu alimwita ndani. Tulikuwa sisi wawili. Kogo, mama mkwe wake, aliyekuja asubuhi kutoka Kapseret na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa. Na jirani yetu mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameingia kujikinga mvua. Mjadala uliofuata ulikwenda mpaka stima zikarudi, na hakuna aliyeinuka kuwasha runinga. Nimeuandika karibu kama nilivyousikia.

MAMA: Hebu njoo hapa. Hayo unayomwambia mtoto wa watu, nani alikufundisha?

MTOTO: Hakuna, Mama. Nimejua tu.

MWALIMU: Mtoto hajui tu. Mtoto hufunzwa. Kuna rafiki huko shuleni.

MTOTO: Mwalimu, la taulo nililijua mwenyewe. Nilishikwa mara mbili kwanza.

KOGO: Huyo amefanya utafiti! Mwacheni aseme.

MWALIMU: Hapana, Kogo. Leo tunacheka, kesho anaghushi sahihi ya babake. Uongo una shule yake, na darasa la kwanza ni taulo.

KOGO: Mbona jioni tunawasimulia sungura aliyepanda mgongoni mwa ndovu, akala asali yote, akajaza mawe mifukoni? Tunamcheka ndovu. Mtoto akimwiga sungura tunashika mwiko.

MWALIMU: Ile ni hadithi.

KOGO: Kwake haikuwa hadithi. Ilikuwa maelezo. Haya, mjukuu wangu, kwa nini hukutaka kuoga?

MTOTO: Ilikuwa jioni, Kogo. Maji yalikuwa kwenye beseni, na mlango wa bafu haufungi, upepo unaingia chini.

KOGO: Na ungesema, "Mama, ni baridi"?

MTOTO: Angesema nioge haraka ndipo baridi iishe.

MAMA: Ningesema hivyo, ni kweli.

KOGO: Basi ndiyo maana hasemi. Analowesha taulo.

Hapa ndipo niliposogeza kiti karibu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na anayevuliwa nguo saa kumi na mbili jioni mbele ya beseni la maji ya vuguvugu ana hoja ya kutoa. Hoja hiyo haikuwa na mahali pa kutolewa. Ilitolewa kwa taulo. Tangu siku ile nausikiliza ushauri mbaya wa watoto kwa njia hiyo moja: nyuma ya kila hila kuna swali lililoulizwa siku fulani na mtu mzima asilijibu. Mwaka 1865 Mark Twain wa Marekani aliandika ushauri wa kuwapotosha wasichana wadogo, watu wakaucheka, na bado unachekesha. Lakini yule alikuwa mtu mzima anayefanya mzaha. Mtoto mwenyewe akishauri hafanyi mzaha. Anamwambia mwenzake jinsi ya kuishi humu ndani.

Dada yangu alitaka kusikia yote. Akaambiwa aahidi kwanza kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Akaahidi, na Kogo akawekwa kuwa shahidi.

MTOTO: Wageni wakija, ndio wakati wa kuomba soda. Mama hawezi kukataa mbele ya wageni. Atakuangalia, lakini wewe usimtazame usoni. Tazama mgeni.

MAMA: Kumbe!

MTOTO: Na mgeni akikupa pesa wakati anaondoka, usimshukuru ukiwa umesimama karibu na Mama. Shika pesa, kimbia, shukuru ukiwa mbali.

MWALIMU: Hiyo sasa ni kukosa adabu kabisa. Kwa nini ukimbie?

MTOTO: Kwa sababu Mama atasema, "Lete nikuwekee."

Kogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Sidhani kuna nyumba Kenya, iwe ya Elgon View au ya Munyaka, ambamo sentensi hiyo haijawahi kusemwa. Noti ya shilingi mia mbili kutoka kwa mjomba, mia tano kutoka kwa shangazi aliyetoka Nairobi, inakaa mkononi mwa mtoto kwa muda wa kutosha kuitazama picha iliyochorwa juu yake, kisha inakwenda kuwekwa. Mpwa wangu alikuwa ameweka hesabu. Alizitaja moja baada ya nyingine, pamoja na aliyetoa na nguo aliyokuwa amevaa siku hiyo: mia mbili za Krismasi, mia moja za siku ya harusi, mia tano zangu mimi mwenyewe, ambazo nilikuwa nimezisahau, na nyingine zaidi. Jumla ilikuwa shilingi 1,350.

MAMA: Hizo pesa ndizo zilizonunua viatu ulivyovaa mguuni.

MTOTO: Basi ungesema, "Lete tununue viatu." Ningeleta. Ulisema, "Nikuwekee."

MWALIMU: Mtoto hamdai mzazi wake! Nani analipa karo? Nani ananunua unga?

MTOTO: Sidai, Mwalimu. Namwambia huyu mdogo, ili yeye ajue.

Waliosoma Hekaya za Abunuwasi watalikumbuka lile sufuria. Mwenye sufuria aliyekubali kwamba limezaa hakuwa na njia ya kukataa liliposemwa kuwa limekufa. Mpwa wangu hajafika kwenye kitabu hicho, lakini alikuwa ameshika ncha ileile ya kamba: neno ulilolisema mwenyewe ndilo nitakaloshikilia. Dada yangu si mwizi. Pesa zile zilikwenda kwenye viatu, na kwenye gesi, na siku moja, alivyotuambia baadaye tukiwa jikoni, kwenye nauli ya matatu ya kumpeleka mtoto yuleyule hospitali. Aliona aibu kumwambia mtoto kwamba nyumba ilikuwa imekwama. Akaona ni afadhali kusema "nikuwekee". Mtoto angeweza kubeba ukweli huo, nina hakika, maana aliubeba uongo kwa miaka mitatu bila kuuangusha hata shilingi moja.

Mwalimu hakupendezwa. Alisema tunazunguka jambo lenyewe, kwamba hofu ndiyo huwalinda watoto na mambo yanayoua, na mtoto asiyeogopa neno la mkubwa huzikwa mapema. Hakuwa anatia chumvi. Mto Sosiani unakata mji huu katikati, na msimu wa mvua hubadilika rangi ukawa kama chai iliyozidi majani. Barabara ya Uganda hupitisha malori ya kwenda Malaba, na kuna wavulana wa baiskeli wanaoshika nyuma ya lori lipandishapo mlima ili wavutwe bure. Ushauri wa aina hiyo nao hupita kati ya watoto.

MWALIMU: Haya, wewe mshauri. Huyu mdogo akikuuliza kuhusu kuogelea Sosiani, utamwambia alowe wapi na wapi ili mama yake asijue?

MTOTO: La mto simfundishi.

MWALIMU: Kwa nini? Si hila tu kama zile nyingine?

MTOTO: Mama ukimdanganya, akijua anakasirika, halafu jioni mnakula. Mto ukiudanganya haukasiriki. Unakubeba tu.

MAMA: Na lori?

MTOTO: Lori halina mama.

Nimesikiliza mihadhara mingi ya usalama wa watoto na sijasikia mpaka uliochorwa vizuri kuliko huo. Alikuwa ameugawa ulimwengu katika sehemu mbili, penye mtu anayeweza kukusamehe na pasipo na mtu, na hila zake zote zilikuwa za sehemu ya kwanza. Hakufika hapo kwa kutishwa.

Kutishwa kulikuwa na mtetezi wake, lakini Kogo, ambaye nilitarajia angekuwa upande wa Mwalimu, alizungusha kikombe chake kwa muda kisha akasema jambo ambalo hata dada yangu hakuwahi kulisikia.

KOGO: Mimi nilitishwa na chemosit. Mnamjua?

MTOTO: Yule wa mguu mmoja?

KOGO: Mguu mmoja, matako tisa, mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Anatembea akijikongoja na fimbo kama mkuki. Tuliambiwa ukitoka nje usiku anakula. Nami nikazaa, nikawaambia wangu hivyo hivyo. Baba yako alikuwa mwoga kuliko wote. Choo kilikuwa nje, huko karibu na boma la ng'ombe. Akawa hatoki. Akawa anakojoa kitandani.

MAMA: Sikuwahi kujua.

KOGO: Ungejuaje? Nami nikawa namchapa kwa kukojoa. Mimi niliyemwambia chemosit yuko nje, namchapa kwa kutotoka nje. Mpaka akafika miaka minane. Sasa niambieni, katika nyumba ile, ni nani aliyetoa ushauri mbaya?

Chemosit si wa kubuniwa jana. A. C. Hollis, aliyekusanya lugha na masimulizi ya Wanandi katika kitabu kilichotoka mwaka 1909, alimweleza karibu kwa maneno hayo hayo ya Kogo. Wala si sisi peke yetu. Mjini Frankfurt, mwaka 1845, daktari Heinrich Hoffmann alichapisha kitabu cha picha alichokuwa amemwandalia mwanawe mdogo kama zawadi ya Krismasi, na ndani yake mtoto anayenyonya vidole gumba anakatwa vidole hivyo kwa mkasi mkubwa wa fundi cherehani. Wajerumani wamewasomea watoto wao kitabu hicho vizazi na vizazi. Mtoto wa Frankfurt na mtoto wa Kapseret walilala usiku wakisikiliza nyayo zilezile, na waliozitia nyayo hizo gizani ni watu waliowapenda.

Mwalimu alisema hayo ni ya zamani. Akarudi kwenye neno lake: ushauri wa mkubwa hufuatwa. Hapo mpwa wangu akainua mkono kama yuko darasani.

MTOTO: Lakini Mwalimu, Kipchoge Keino aliambiwa na madaktari asikimbie. Tulisoma.

MWALIMU: Nani alikuambia habari za Keino?

MTOTO: Uwanja una jina lake. Tulipelekwa huko. Kama angewasikiliza wakubwa, uwanja ungeitwaje?

Ni kweli alivyosoma. Mexico City, 1968, Keino alikuwa anaumwa nyongo na madaktari walikuwa wamemkataza kukimbia. Siku ya fainali ya mita 1,500 basi likakwama katika msongamano wa magari. Akashuka, akakimbia kwa miguu mpaka uwanjani, kisha akakimbia mashindano yenyewe na kumwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma sana. Ilikuwa Oktoba 20, tarehe ambayo leo Wakenya huiadhimisha kuwa Siku ya Mashujaa. Kogo alisema walisikia kwa redio ya jirani, yeye akiwa msichana, na kwamba mzee mmoja alirusha kofia yake juu ikakwama mtini.

MWALIMU: Keino alikuwa mtu mzima, mwanapolisi. Aliujua mwili wake.

MTOTO: Mimi pia naujua mwili wangu. Unasikia baridi.

Hata Mwalimu alicheka hapo. Nadhani mjadala ungeishia katika kicheko hicho, na mvua ilikuwa karibu kukatika, kama yule mdogo wa miaka mitano asingeuliza swali kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama akisikiliza muda wote, kidole mdomoni. Alitaka kujua ile nyingine, ile ya shule, ambayo hawakuwa wameimaliza.

MAMA: Ya shule ni ipi?

MTOTO: Hiyo si ya leo, Mama.

MAMA: Niliahidi. Kogo ni shahidi.

MTOTO: Ni ya baika. Kwamba avae mbili.

Baika ni ile kaptula ya kubana ambayo wasichana huvaa ndani ya sketi. Mpwa wangu alieleza kwa sauti ileile aliyoelezea taulo, bila kuishusha wala kuipandisha. Mvulana avae kaptula mbili; msichana baika mbili. Daftari usiweke, linalia likipigwa, na ukishikwa nalo unaongezewa. Ukiitwa mbele, usiwe wa kwanza, maana mkono wa mtu bado una nguvu. Wala usiwe wa mwisho, maana atakuwa amekasirika. Jaribu kuwa wa tatu au wa nne. Na kama ni kwenye kiganja, usivute mkono.

MAMA: Kwa nini usiuvute?

MTOTO: Ukivuta mkono anaanza kuhesabu upya.

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama dada yangu, naye alikuwa anatazama viganja vya binti yake, vilivyokuwa vimelala juu ya goti vikiwa wazi.

Nataka kusema jambo hapa kama mtu aliyesoma shule za mji huu. Sisi pia tulikuwa na mafundisho yetu. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ambayo serikali ya Rais Moi ilianza kuwapa wanafunzi wa shule za msingi mwaka 1979, yalikuwa na hila yake: kunywa haraka, futa mdomo kwa upande wa ndani wa sweta, panga foleni tena nyuma ya mtu mrefu. Diski, kile kibao ambacho mwanafunzi aliyeongea lugha ya mama alivishwa shingoni mpaka amkamate mwingine, ilikuwa na yake: mkanyage mwenzako kidole cha mguu ghafla, atalia kwa lugha ya nyumbani kwao, umvishe. Nilimuuliza mpwa wangu kama anazijua. Hajui hata moja. Maziwa yalikoma katika miaka ya 1990 na hila yake ikafa siku hiyohiyo. Diski hajawahi kuiona. Watoto hawatunzi mafundisho ya jambo ambalo halipo. Hawana nafasi ya kuweka takataka vichwani. Ushauri wao huishi kwa muda ule tu unapohitajika.

Sasa tazama miaka. Kanuni za mwaka 1972 zilizoruhusu kiboko katika shule za Kenya zilifutwa mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutopewa adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, kwa anayemwadhibu mwanafunzi mwilini. Mpwa wangu alizaliwa baada ya hayo yote. Kwa mujibu wa karatasi, hila ya kuvaa kaptula mbili ilipaswa kuwa imekufa zamani kama ile ya maziwa. Nayo iko hai kwenye veranda ya Kapsoya, ina mpangilio, ina hata kanuni ya nani awe wa tatu kwenye mstari. Anayetaka kujua kama sheria inafuatwa aache kusoma ripoti kwa muda, asikilize wa miaka tisa anamwambia nini wa miaka mitano.

MWALIMU: Mimi nilichapa miaka 31. Sifichi. Tulichapwa, tukachapa, na nchi ikapata madaktari na marubani. Nikitembea mjini watu wazima wananisimamisha, wananisalimia kwa heshima. Ni wale niliowachapa.

KOGO: Na wasiokusalimia?

Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Alikaa akitazama nje, mahali ambapo maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mabati, na kwa muda mrefu hakusema kitu. Ninamheshimu mzee huyo. Alikuja shuleni kwa baiskeli kwenye matope miaka ambayo mshahara ulichelewa, na wapo watu Eldoret leo wanaosoma gazeti kwa sababu yake. Hilo halibadilishi hesabu ya viganja, na nilimwambia hivyo, naye hakukasirika.

MAMA: Nani anahesabu?

MTOTO: Mama, uliahidi.

MAMA: Niliahidi sitakuadhibu wewe. Nani anahesabu?

MTOTO: Ukienda, watajua ni mimi niliyesema.

MAMA: Mbona hukuniambia siku zote hizi?

MTOTO: Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa. Ukipigwa shuleni, usiseme nyumbani.

MWALIMU: Nani aliwaambia msiseme?

MTOTO: Hakuna. Ukisema nyumbani, unaulizwa, "Ulifanya nini?"

Hapa ndipo nilipoona ushauri mbaya wa kweli, mmoja tu katika mchana mzima. Taulo, vikombe, uji wa kuku na soda ya wageni nilikuwa nimevisikiliza kwa furaha, na kama ningekuwa na mtoto nisingehangaika navyo. Huu wa kunyamaza ulinitoa jasho. Ulikuwa umetungwa na watoto kutokana na kitu walichokiona: mtoto analeta maumivu nyumbani, na mtu mzima, kabla hajamtazama, anauliza kosa lake. Nimeuliza swali hilo mimi mwenyewe. Dada yangu aliwahi kuuliza. Sidhani kuna mzazi mtaa ule ambaye hajauliza, mara nyingi kwa uchovu, viatu bado mguuni, na mtoto akajibu "hakuna" na kwenda kucheza. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na ibara yake ya 12 inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yazingatiwe. Haki hiyo, katika nyumba nyingi, hufia kwenye maneno mawili: ulifanya nini.

Stima zilirudi. Friji ikaanza kunguruma. Mwalimu aliaga, na mlangoni akasimama, akamshika yule mdogo kichwani, akamuuliza jina lake, akalirudia mara mbili kana kwamba anataka kulikumbuka. Kogo alimvuta mjukuu wake kwapani, akamfunika kwa shuka lake. Hakusema neno. Dada yangu alikwenda chumbani, akarudi na pochi, akahesabu shilingi 1,350 juu ya meza, noti na sarafu, mbele yetu sote. Mtoto alizitazama. Akatoa mia tano, zile zangu, akazirudisha upande wa mama yake.

"Za viatu," alisema.

Jumanne dada yangu aliomba ruhusa kazini akaenda naye shuleni kwa miguu, ili waongee na mwalimu mkuu. Alinipigia simu akiwa njiani, na nilidhani ameshatoka huko. Hakuwa amefika. Alikuwa amesimama kwenye kile kijia cha mwisho kabla ya geti, mahali ambapo nyasi huwa ndefu pande zote mbili na watoto hupita mmoja mmoja kwa sababu ya matope. Aliniambia nyasi zilikuwa zimefungwa mafundo. Alidhani ni ya binti yake, akamuuliza. Mtoto akamwonyesha yake, mawili, karibu na jiwe. Mengine yalikuwa ya watu wengine. Mengine yalikuwa yamekauka, mengine ya asubuhi ile, bado yana umande, na moja lilikuwa chini kabisa karibu na udongo, limefungwa na mtu mfupi sana.

Alikuwa amefika 17 na alikuwa bado anahesabu.